Koleo la Gortbrack

Gortbrack, Mayo
3 Novemba 1957

Attracta, mjukuu wangu,

Barua yako imefika. Martin Padden wa posta aliileta akasimama mlangoni akingoja niifungue mbele yake, utadhani kaandikiwa yeye. Nikamwambia, "Martin, kazi yako ni kuleta, si kusikia." Kaenda zake kanuna.

Sasa nikuulize vizuri. Yule mama aliyekuwa akiwajibu watu shida zao kwenye gazeti lenu la wanawake kaugua, na mhariri kakutoa kwenye mashine ya chapa kakuweka wewe uwajibu wake za watu. Wewe, uliyekuwa ukiunguza viazi huku unavitazama. London imeishiwa watu wazima?

Lakini kwa kuwa umeniomba msaada, nitakupa. Nimekulea tangu baba yako alipokufa, na sikukulea uje uaibike mbele ya Waingereza. Shule niliiacha na miaka tisa, mwandiko wangu unauona, herufi zimelala kama nyasi baada ya mvua. Ila mambo ya ndani ya nyumba hayafundishwi na watawa. Huyo mwanamke uliyeniandikia, anayesema mumewe hajamsemesha tangu mavuno, mwambie asimbembeleze. Ampikie, amtengee, kisha yeye aende akale kwa jirani, na acheke huko kwa sauti. Mwanaume akisikia kicheko ambacho hakimhusu, ulimi unamrudia.

Sisi huku tupo. Ng'ombe mwekundu kakauka maziwa. Baba yako mdogo Festus mzima wa afya, na bado kila Jumapili anamsindikiza yule Delia Lavelle kutoka Misa mpaka kijia cha kwao, wakitembea mbalimbali kama watu wenye kesi. Mwanamke hachoki. Tangu mwaka ule wa theluji kubwa, miaka kumi sasa.

Vaa fulana ya sufu. London mnajifanya hamna baridi.

Bibi yako,
Sabina Gaughan


Kilburn, London
1 Desemba 1957

Bibi mpenzi,

Maneno yako niliyaweka kama ulivyoyasema, nikanyoosha tu hapa na pale. Juzi mwanamke yule kaandika kwamba mumewe alimfuata kwa jirani akiwa na soksi tupu, akauliza, "Mnacheka nini?" Bwana Pettifer mhariri alicheka mpaka akavua miwani. Ukurasa sasa ni wangu. Naitwa Shangazi Honora, jina la mama yako. Natumaini hutakasirika.

Barua zinaletwa kwa gunia, na nyingi ni za watu wetu: wauguzi wa Cork walioko Birmingham, wajakazi wa Clare, na hata wanawake walio nyumbani Ireland kabisa, maana gazeti linauzwa huko pia. Bwana Pettifer anasema hajawahi kuona ukurasa unapendwa hivi. Nisikufiche, Bibi. Wanapousifu, wanausifu ulimi wako. Nikijaribu kujibu mwenyewe naandika "jipe moyo, dada," na karatasi inarudishwa mezani kwangu.

Kijijini usimwambie mtu. Wanajua napiga chapa, waache wajue hivyo hivyo.

Na nikuulize jambo, usinigombeze. Baba Mdogo atamwoa Delia lini? Yeye ndiye aliyenifundisha kushona tundu la kifungo, nikiwa mtoto, kwa uvumilivu ambao wewe hukuwa nao. Anangoja nini, Bibi? Au anamngoja nani?

Mjukuu wako,
Attracta


Gortbrack
2 Februari 1958

Attracta,

Jina la mama yangu umeliweka pazuri. Alikuwa na ulimi wa kunyolea ndevu.

Gazeti lenu Padri Mulroy kalisema madhabahuni. Eti lina Shangazi anayewafundisha wanawake kiburi. Mimi nimekaa mbele, mgongo wima. Nilitamani nisimame nimwambie, Padri, huyo Shangazi ndiye huyu uliyemwekea komunyo ulimini wiki jana. Nikameza. Mungu aliniona nilivyomeza.

La Festus nitakujibu mara moja na usilirudie. Desturi unaijua. Siku mkwe akiingia nyumba hii, mimi ndiye wa kumpokea mlangoni, nimkabidhi koleo la moto mbele ya watu. Kuanzia hapo moto ni wake, sufuria ni zake, kuku ni wake, na mimi nabeba godoro langu naingia chumba cha magharibi. Mimi nilikabidhiwa koleo hilo na mama yake babu yako. Kaniwekea mkononi, kaingia chumba kile, na majira ya baridi nilimsikia kupitia ukuta akikohoa. Katolewa maiti, miguu mbele. Sijaona aliyetoka humo kwa njia nyingine.

Na moto wenyewe haujazimika tangu nije hapa bibi harusi. Jioni naufukia majivuni, alfajiri naufukua, mzima. Mama mkwe wangu naye aliupokea hivyo kwa aliyemtangulia, na yule kwa mwingine, mpaka huko nyuma ambako hakuna anayejua majina. Sasa nimpe nani? Delia? Anafukia moto kama paka anavyofukia vyake. Nilimwona kwa dada yake, karibu nimnyang'anye.

Mkesha wa Mtakatifu Brigid alikuja na msalaba wa manyasi aliousuka mwenyewe. Kasimama kizingitini, mvua inampiga mgongoni. Nikaupokea, nikamtania, "Delia, wewe ni kuku aliyelalia mawe." Hakucheka. Festus kainamisha uso kikombeni. Watu wa siku hizi utani hawaujui.

Msalaba nimeutundika juu ya mlango. Umesukwa vizuri, sitasema uongo.

Bibi yako,
Sabina


Kilburn
9 Machi 1958

Bibi mpenzi,

Wiki hii nina swali moja tu, na ni zito. Nimelinakili lote. Ni la mwanamke wa Kerry.

"Shangazi Honora, nina miaka arobaini na moja. Kuna mtu tumependana tangu ujana, naye ana shamba na mama. Mama hataki kutoa koleo aende chumba cha magharibi. Hanitukani. Hunipokea mlangoni, na mlangoni huniacha. Mtu wangu ni mwema, lakini akitaka kumwambia neno hilo huanza, 'Mama,' kisha huuliza habari za ng'ombe. Sasa nywele zangu zinageuka na mtoto sitapata tena. Silii hayo. Nataka kujua kitu kimoja tu: niendelee kungoja? Sina wa kumuuliza. Nikiambiwa ngoja, nitangoja."

Bibi, hili naomba ulijibu polepole. Mfikirie huyu mwanamke, na umfikirie yule mama pia, anaogopa nini. Kama unaona neno la kuwapatanisha, niandikie hilo.

Nakungoja.

Attracta


Gortbrack
16 Machi 1958

Attracta,

Polepole ya nini? Limenichukua muda wa kumenya viazi.

Mwandikie hivi. Dada, wewe ni kuku aliyelalia mawe. Hata ukipewa mwaka mwingine, mawe hayaangui. Huyo mama kaling'ang'ania koleo kama kaa wa baharini na atazikwa nalo. Na huyo unayemwita mtu wako si mtu, ni mkia wa mama yake. Funga sanduku, panda meli, na usiage, maana ukiaga utabaki.

Basi. Usilinyooshe.

Unaniambia nimfikirie yule mama. Nimemfikiria na kanichefua. Kumwacha mtoto wa mwenzako mlangoni, akazeeka hapo kama ndoo. Watu wa Kerry ndivyo walivyo, hata siagi yao huikata nyembamba. Kwetu ni tofauti. Mimi sikatai kutoa koleo, mimi sijapata wa kumpa. Yule ni mchoyo tu.

Kesho ni Mtakatifu Patrick. Nakutumia majani ya shamroki ndani ya bahasha hii. Yatafika yamechelewa na kunyauka, yavae kifuani hivyo hivyo.

Bibi yako,
Sabina Gaughan


Kilburn
20 Aprili 1958

Bibi,

Jibu lako limekaa mezani kwangu muda mrefu kuliko yote. Sasa limetoka gazetini, neno kwa neno, na swali lenyewe limo juu yake. Bwana Pettifer kalitengea nusu ya ukurasa. Wamesoma kipande chake hata redioni, na gazeti moja kubwa limetuma mtu kuniuliza kama nitahama niende kwao.

Nakutumia nakala. Nina ombi moja. Lisome mwenyewe, jikoni, usiwe na haraka, Baba Mdogo akiwa ameketi pale anapoketi. Anza na swali. Kisha utazame mlango. Halafu niandikie umeona nini. Niandikie siku hiyo hiyo, tafadhali.

Attracta


Gortbrack
11 Mei 1958

Attracta,

Gazeti nimelisoma jikoni kama ulivyotaka. Mlango nimeutazama. Unahitaji rangi. Umeniuliza nimeona nini: nimeona maneno yangu, na Kerry imeandikwa kwa wino mweusi, vizuri, wajue kwamba tunawajua. Nimekata kipande hicho nimekibandika ndani ya mlango wa kabati, pale nikichukua unga nakiona. Hukuniharibia hata neno. Siku hizi una kichwa.

Ila huku kuna jambo, na sikuandika siku ile kwa sababu hiyo. Delia Lavelle kaondoka. Kapanda basi la Ballina na sanduku moja, na kutoka hapo meli. Hakumuaga mtu. Dada yake kaamka kakuta kitanda kimetandikwa. Festus kasimama kwenye kijia chao Jumapili baada ya Misa kama alivyozoea, kasimama, mpaka dada mtu akatoka kumwambia, "Festus, nenda nyumbani, hatoki."

Sasa hataki kula. Kakata mboji ya kuchoma motoni wiki nzima, mboji ya kutosha parokia. Viazi namtengea vinapoa, navimwaga kwa kuku. Jana kaniuliza, "Mama, kuna mtu alimwambia kitu?" Nikamwambia, nani amwambie, na amwambie nini. Nilimtania mkesha wa Brigid, basi, na hilo lilikuwa Januari. Mwanamke hafungi sanduku Mei kwa utani wa Januari.

Wewe uko huko waendako wote. Ukisikia yuko wapi, mwambie aache upuuzi arudi, mtu wake hagusi chakula. Na huyo aliyemtia maneno, nikimjua, nitamsema mpaka masikio yatoe moshi.

Bibi yako,
Sabina


Leeds
1 Juni 1958

Attracta mpenzi,

Nimeandika jina lako halisi juu ya bahasha, kwa kuwa sasa najua ni nani anayekaa kiti cha Shangazi Honora.

Sikuwa najua nilipoandika. Nilikuwa nasoma ukurasa ule jioni, na kila jibu lilinipa raha, nikasema huyu ni mtu wa kwetu, anaongea kama watu ninaowafahamu. Ndiyo maana nilimwamini. Mnabadilisha majina ya mahali, hilo nalijua, kwa hiyo nilipoona Kerry sikushtuka. Nilisoma jibu. Nilipofika kwenye kuku aliyelalia mawe nikaketi chini.

Hakuna mwingine asemaye hivyo, Attracta. Ni Sabina. Aliniambia mwenyewe mlangoni kwake, nami nikajiambia ni utani. Kisha nikaliona limechapishwa kwa wino, na mengine yameongezwa: panda meli, usiage. Nikaelewa kwamba wewe, mpiga chapa wa gazeti hilo, ulimuuliza yeye, naye akajibu. Kwa muda wote ule sikujua kama ananitaka au hanitaki. Sasa ameniambia. Nimefanya alivyosema, hata kutoaga.

Simlaumu. Kusema kweli nilipumua. Nimepata kazi kwenye kiwanda cha kushona makoti, na chumba kwa mama mmoja wa Sligo. Nakuomba usinijibu kwa niaba ya mtu. Festus akiniulizia, mwambie nilimsubiri kwa moyo mweupe.

Bado unashona vifungo vyako mwenyewe?

Delia Lavelle


Kilburn
8 Juni 1958

Bibi,

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Delia. Isome kwanza, halafu ndipo usome yangu.

Hakukuwa na mwanamke wa Kerry. Nilimjua Delia kwa mwandiko kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Nikabadilisha mahali nikakutumia wewe, nikidhani utajiona. Ulipojibu vile, nikadhani ukiyaona yamechapishwa, na mlango uko mbele yako, hapo utajiona. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kumwandikia neno moja, ngoja. Alisema angengoja. Lakini jibu lako lilikuwa zuri mno kwa gazeti, Bibi, na mimi nilikuwa Shangazi Honora.

Aliyemtia maneno uliyekuwa unamtafuta ni sisi wawili. Nigombeze. Naomba unigombeze.

Attracta


Kilburn
17 Agosti 1958

Bibi,

Hii ni barua yangu ya nne bila jibu. Martin Padden kaniandikia kadi kwamba u mzima, unakwenda Misa, na kwamba umemfungia mlango. Gombeza basi, hata mstari mmoja.

Attracta


Gortbrack
28 Septemba 1958

Attracta,

Nilikuwa na kazi.

Kifurushi kinachokuja na barua hii kimefungwa kwa gunia na kamba ya nyasi kavu. Ni koleo. Martin Padden kalipima mkononi kauliza, "Sabina, umemtumia mtoto silaha?" Sikumjibu, akaogopa, kaniuliza kama naumwa.

Mpelekee Delia huko Leeds. Usilitume, lipeleke wewe mwenyewe. Mpe mkononi, mbele ya watu, hata kama ni huyo mama wa Sligo na paka wake. Mwambie sikumwambia yeye aende. Niliyemwambia aende ni mwanamke wa Kerry. Mwambie hivyo hivyo, na kama atacheka acha acheke.

Mwambie mwenye nyumba yuko chumba cha magharibi. Festus kanibebea godoro siku ya Mtakatifu Mikaeli ikikaribia, hakuuliza kwa nini. Kaning'inizia na picha ya babu yako, kaipinda. Chumba kina baridi kama nilivyosema. Dirisha ni dogo, unaona zizi na kipande cha mlima.

Nilimwambia Festus amfuate. Kavaa koti la Misa, kafika Ballina, karudi na basi lile lile. Nikamuuliza. Kasema, "Nani atakukatia mboji, Mama?" Nikamwambia, mboji iliyokatwa itanizika mimi na wewe na punda. Kavua koti kalitundika. Nimemlea vibaya au nimemlea vizuri mno, sijui, vyote vinatoa mtu wa namna ile.

Jikoni sasa moto tunauchokoa kwa kijiti. Fanya haraka.

Sabina Gaughan


Kilburn
16 Novemba 1958

Bibi mpenzi,

Nimetoka Leeds. Nakueleza yote, sitapunguza.

Delia kanipokea mlangoni akaniambia, "Ingia, Attracta, keti," kabla sijavua kofia. Chumba chake ni cha juu. Moto wake ni wa gesi, unatumbukiza sarafu unawaka, sarafu ikiisha unazimika. Mama wa Sligo alikuwepo, na mwanaume mmoja anayeitwa Arthur, mjane, kondakta wa basi, mpole, ana masikio makubwa. Watafunga ndoa baada ya Krismasi.

Nililitoa koleo guniani nikamwekea mkononi mbele yao, nikasema maneno yako. Lile la mwanamke wa Kerry nililisema pia. Alicheka, Bibi. Alicheka kweli, kisha akaugeuza uso dirishani muda mrefu. Arthur hakuelewa kitu, akauliza, "Ni la kazi gani hilo, mpenzi?" Akamwambia, "La kushikia makaa." Arthur akatazama gesi.

Alilishika mapajani muda wote tuliokunywa chai. Tulipomaliza akalifunga tena, fundo lile lile. Kasema nikuambie hivi: "Mwambie Sabina sikuwahi kulitaka koleo lake. Angekaa nalo mpaka mwisho. Nilitaka aniambie ingia, keti." Kisha kaniuliza kama Festus anakula.

Nakurudishia koleo kwa posta.

Kuhusu mimi, ukurasa wamempa mwingine. Tangu Juni nimekuwa nikiandika "jipe moyo, dada," na Bwana Pettifer kasema maziwa yameingia maji. Ni kweli. Nikipokea barua ya mtu siku hizi naona sanduku linafungwa. Wale wa gazeti kubwa hawakuandika tena. Nimerudi kwenye mashine ya chapa.

Mjukuu wako,
Attracta


Gortbrack
2 Februari 1959

Attracta,

Koleo lilifika kabla ya Krismasi. Festus kalitundika msumarini pake. Sikuligusa, si langu tena. Nilitoa, na mtu hatoi kitu kisha akakinyakua.

Umeniomba nikugombeze. Ningekugombeza kama ungelikuwa umekosea peke yako. Vaa fulana, na usiache kushona vifungo vyako. Maswali ya watu usinitumie tena. Siyawezi.

Mkesha wa Brigid hakuja mtu na msalaba. Festus kauacha ule wa mwaka jana juu ya mlango, umekuwa kahawia. Dada yake Delia kapita njiani na baiskeli. Nilimwona kwa dirisha langu linalotazama zizi, nikatoka nje na shali kichwani nikamwita, "Ingia, keti." Kasema ahsante, Bi Gaughan, ana haraka, mvua inakuja. Hakukuwa na mvua.

Kipande cha gazeti kilichokuwa kabatini nimekibandua. Gundi imebaki.

Siku zetu zinakwenda hivi. Festus yuko jikoni, mimi niko huku, kati yetu ukuta ule ule niliousikiliza nikiwa bibi harusi. Kila kitu kinasikika. Nasikia akikata mkate. Nasikia kijiko. Jioni nasikia koleo, kri, kri, anakusanya makaa aufukie moto, na anaufukia vibaya, Attracta, anarundika majivu upande mmoja na upande mwingine anauacha wazi. Mara ngapi nimeuma shuka. Mtu aliye chumba cha magharibi hasemi habari za moto, hiyo ndiyo desturi. Mama yake babu yako alinisikia mimi nikikosea mwaka mzima, na hakusema.

Jana alfajiri nilisikia akifukua. Akafukua muda mrefu. Kisha nikasikia kiberiti.

Moto ule sikuuwasha mimi, wala aliyenipa, wala aliyempa yeye. Festus kaja mlangoni kwangu na kikombe cha chai, mikono imejaa majivu mpaka kiwikoni, kasimama kizingitini hathubutu kuinua uso.

Nikamwambia, "Ingia, keti."

Kaketi ukingoni mwa kitanda. Chai ilikuwa na moshi wa karatasi. Nikainywa yote, na sikusema kitu.

Bibi yako,
Sabina Gaughan